Habasoda kwenye kidonda na kovu: ipakwe lini, ipakwe vipi, na lini uache

Mwezi wa saba alinijia kijana wa bodaboda kutoka Uyole, anachechemea, shavu la mguu wa kulia limefungwa kitambaa. "Shikamoo mama. Niliunguzwa na ekzosi, nikapaka habasoda, ila naona inazidi."

Nilipofungua nilikuta mambo mawili. Katikati kulikuwa na jeraha la moto, ukubwa wa kiberiti, lisilotisha. Kulizunguka kulikuwa na malengelenge madogo madogo yaliyojipanga kwenye umbo la mraba, kona zote nne zinaonekana, kama mtu kachora kwa rula. Mraba ule ulikuwa wa kipande cha nailoni. Siku ya pili baada ya kuungua alipaka mafuta matupu ya habasoda, zile mbegu ndogo nyeusi, akafunika na nailoni ili dawa isikauke, akafunga kitambaa juu, akaendelea kupakia abiria siku tatu. Jeraha la ekzosi lilifunga kwa wiki mbili na ushei. Mraba ulimsumbua zaidi ya mwezi.

Nimefunga vidonda miaka mingi kabla ya kustaafu, na hadithi hii naisikia kwa sura tofauti kila wiki. Mmoja kapaka kwenye kidonda kibichi, mwingine kanunua mafuta yasiyo habasoda, wa tatu kapaka wiki moja kwenye kovu la miaka sita akakata tamaa. Ndiyo maana nimekaa kuandika hatua zote pamoja, ili nisirudie kwa kila anayepiga simu.

Msimamo wangu nauweka mapema: habasoda ni mafuta ya kovu. Kidonda kilicho wazi kiachie maji safi, mafuta ya mgando na gozi, kile kitambaa chepesi cha kufungia vidonda.

## Inachoweza na isichoweza

Ndani ya mbegu hizi kuna kitu kinaitwa thaimokwinoni. Ndicho kinachozungumzwa zaidi na watafiti. Kwenye maabara kinapunguza uvimbe na kinadhoofisha baadhi ya bakteria, wakiwemo stafilokokasi wanaopenda kuvamia vidonda. Mafuta yenyewe yamejaa asidi ya linoleiki, ileile iliyo nyingi kwenye alizeti, ambayo hulainisha ngozi kavu.

Kuna majaribio ya panya ambapo vidonda vilivyopakwa habasoda vilifunga mapema. Hapo watu hurukia kusema "imethibitishwa". Panya ana ngozi iliyolegea, na kidonda chake hufunga zaidi kwa kuvutwa pande mbili zikutane. Cha kwetu kinalazimika kujaza nyama mpya kutoka chini. Majaribio ya watu ni machache na madogo. Kwa upande mwingine, wapo wagonjwa walioandikwa kwenye majarida ya udaktari kwa kupata mzio mkali wa ngozi baada ya kupaka mafuta haya, wengine hadi ngozi kuchubuka. Kijana wangu wa Uyole hakuwa wa kwanza duniani.

Kwa hiyo tarajia ngozi laini, muwasho kupungua, na kovu linalokubali kukandwa. Usitarajie kovu lifutike. Hata likitulia kabisa, kovu hufikia takriban asilimia 80 tu ya uimara wa ngozi ya awali.

## Vitu vya kuandaa

- Maji yaliyochemshwa yakapoa, lita moja, na chumvi ya jikoni
- Sabuni ya kipande ya kawaida
- Bomba la sindano la mililita 20, bila sindano yenyewe
- Gozi safi, na bandeji au plasta ya karatasi
- Mafuta ya mgando yasiyo na manukato, kopo jipya ambalo halijachovywa na nyumba nzima
- Mafuta ya habasoda yaliyokamuliwa bila moto, chupa ndogo ya kioo cheusi
- Mafuta ya kuchanganyia: alizeti iliyosafishwa, au ya parachichi kama uko Njombe au Rungwe na unayapata kirahisi
- Chupa ndogo ya kioo yenye kifuniko, na kijiko cha chai
- Simu yenye kamera

Habasoda usiinunue siku ya kwanza. Utaona sababu.

## Hatua ya 1: Amua kama jeraha hili ni la nyumbani

Kaa nalo nyumbani likiwa dogo, si la kina, na damu imesimama baada ya kulikandamiza dakika kumi bila kuchungulia. Kuchungulia kila dakika ndiko kunakofanya damu isisimame.

Nenda kituo cha afya siku hiyohiyo kama:

- Jeraha limeachama, au unaona mafuta ya njano, mshipa au mfupa.
- Umekatwa na panga, jembe au msumeno wenye udongo au samadi, na chanjo ya mwisho ya pepopunda ina zaidi ya miaka mitano au huikumbuki. Kwa jeraha safi na dogo, hesabu miaka kumi.
- Umeng'atwa na mbwa. Osha kwa maji na sabuni dakika 15 nzima, kisha nenda ukachanjwe. Kichaa cha mbwa hakisubiri mafuta.
- Umeungua eneo kubwa kuliko kiganja chako, au usoni, mikononi, kwenye kiungo, sehemu za siri, au aliyeungua ni mtoto mchanga.
- Una kisukari na jeraha liko mguuni. Hata likiwa dogo kama punje ya mchele.

Wenye kidonda ambacho hakijafunga mwezi mzima, nanyi mwende. Na kama una kovu la zamani la moto halafu juu yake kimechipuka kidonda kisichopona, usilipake chochote. Makovu ya namna hiyo mara nyingine hugeuka saratani, na kinachotakiwa ni kukatwa kipande kipimwe.

Ni moto? Kabla ya yote weka sehemu iliyoungua chini ya maji ya bomba yanayotiririka dakika 20. Inasaidia hata kama zimepita saa mbili au tatu. Nyanda za juu maji ya Juni yanauma kwa baridi, najua. Mfunike mgonjwa blanketi sehemu nyingine zote na umwagie palipoungua tu. Dawa ya meno, unga, ute wa yai na mafuta ya aina yoyote huzuia joto lisitoke na humpa muuguzi kazi ya kukwangua.

Ukifaulu: unajua jeraha lako lina kina gani, damu imesimama, na suala la pepopunda limeshughulikiwa.

## Hatua ya 2: Osha kwa maji mengi

Weka kijiko cha chai cha chumvi, kisichojaa, kwenye nusu lita ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Huo ndio ukali wa chumvi unaokaribiana na wa mwili, ndiyo maana hauchomi. Kama huna chumvi, maji safi ya kunywa yanatosha.

Kwenye kuchemsha kuna jambo la kwetu. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji yanatokota yakiwa karibu nyuzi 94. Iringa mjini yanapata joto kidogo zaidi, Makete yanapungua zaidi. Kwa hiyo usiepue yakianza tu kutokota. Yaache yachemke dakika moja nzima. Ukiwa Makete au sehemu nyingine iliyozidi mita 2,000, dakika tatu.

Nawa mikono kwanza. Vuta maji kwenye bomba la sindano na uyasukume kwa nguvu juu ya jeraha, mara kumi au kumi na tano, mpaka mchanga na nyuzi za nguo zitoke. Sabuni pitisha kwenye ngozi inayozunguka.

Spiriti, haidrojeni peroksaidi na jiki viache kabatini. Vinaua wadudu, ni kweli, lakini vinaua na chembe changa zinazojenga ngozi. GV, ile dawa ya maji ya kupaka vidonda, nayo nina ugomvi nayo: inapaka kila kitu zambarau, na siku wekundu ukianza kutambaa huuoni.

Ukifaulu: jeraha lina rangi ya nyama safi, hakuna punje ya kitu inayoonekana, na maji yanayotiririka hayana uchafu.

## Hatua ya 3: Funika kwa mafuta ya mgando mpaka ngozi ifunge

Hapa ndipo wengi wananiona nimekosea. Tumelelewa kwamba kidonda kiachwe kipigwe upepo kikauke. Lakini mwaka 1962 mtafiti George Winter alionyesha kwa nguruwe, ambao ngozi yao inakaribiana na yetu, kwamba kidonda kilichofunikwa kikabaki na unyevu huota ngozi haraka kuliko kilichoachwa kikakauka. Kigaga kigumu ni ukuta. Ngozi mpya inalazimika kuchimba chini yake.

Paka mafuta ya mgando, utando mwembamba unaong'aa. Weka gozi juu, funga. Kila siku fungua, osha, angalia, paka upya. Gozi ikiganda usiivute. Ilowanishe na maji ya chumvi dakika tano, itaachia yenyewe.

Kwa nini habasoda isiingie hapa? Kwanza, chupa ya habasoda uliyonunua sokoni haijatakaswa kwa ajili ya kidonda. Pili, siku za mwanzo uvimbe kidogo una kazi yake: mwili unaleta askari na mafundi. Tatu, na hii ndiyo iliyomponza kijana wa ekzosi, ngozi iliyochubuka haina mlango. Kinachopakwa kinaingia moja kwa moja, na mwili ukikizoea kwa ubaya utakikataa maisha yote, hata kwenye ngozi nzima.

Dalili za kukukimbiza hospitali: wekundu au weusi unaotanuka, joto, usaha, harufu, maumivu yanayoongezeka baada ya siku ya tatu badala ya kupungua, mtoki, homa. Dalili ya taya kukaza ni ya dharura.

Ukifaulu: kati ya wiki moja na tatu, ngozi mpya nyororo imefunika pote. Gusa na gozi kavu: haitoki damu wala majimaji, na hakuna kigaga kilichobaki. Kama ulishonwa, hesabu wiki mbili baada ya kutolewa nyuzi.

## Hatua ya 4: Wakati unasubiri, tafuta habasoda ya kweli

Sasa nenda sokoni. Kidonda kinafunga, na wewe una muda wa kuchagua bila pupa.

Ukitaka mbegu, jihadhari na pacha wake. Mbegu za vitunguu ni nyeusi, ndogo, zina pembe, na kwa jicho la haraka huwezi kuzitenganisha. Kwetu ambako vitunguu vya Ruaha Mbuyuni vinalimwa kwa wingi, mbegu hizo hazikosi madukani. Ubaya si ukosefu wa dawa peke yake: mbegu za kupanda mara nyingi zimepakwa dawa ya ukungu, na hiyo si ya kuweka mwilini.

Jaribio langu ni la vidole. Chukua mbegu kumi, zisage kwa mgongo wa kijiko juu ya karatasi nyeupe. Habasoda inapasuka, ndani nyeupe, inaacha doa la mafuta, na harufu yake inapanda puani kali, katikati ya pilipili manga na binzari nyembamba. Ikinuka kitunguu, rudisha. Ufuta mweusi nao hujipenyeza, lakini huo ni bapa na laini, na hauna ukali wowote.

Kwa mafuta, tazama haya:

- Chupa ni ya kioo cheusi. Mwanga huyaharibu, na chupa ya plastiki nyeupe iliyokaa juani mlangoni mwa duka ni hasara.
- Ina jina la mtengenezaji, tarehe, na maneno yanayosema yamekamuliwa bila moto.
- Orodha ya viungo ina kitu kimoja. Ukiona manukato au rangi, weka chini.
- Rangi ni kahawia yenye wekundu, kama chai ya rangi iliyokolea. Ukionja tone linachoma koo kidogo.
- Harufu ya karanga zilizooza ina maana yamechacha. Mafuta yaliyochacha huwasha ngozi hata ya asiye na mzio.

Kusema kweli, aliyechanganya habasoda kidogo na mafuta ya kula mengi humgundui kwa macho. Nunua kwa anayekubali urudishe.

Wapo wanaopenda kutengeneza wenyewe. Saga vijiko viwili vya chakula vya mbegu kavu kabisa, loweka kwenye nusu kikombe cha alizeti, funika, weka kabatini wiki mbili, chuja kwa kitambaa safi. Yatakuwa mepesi kuliko ya kukamuliwa, hivyo usiyachanganye tena. Usiyachemshe jikoni, harufu unayoisikia ikijaa nyumba ndiyo dawa inayoondoka. Tone moja la maji kwenye chupa linatosha kuyaotesha ukungu.

Ukifaulu: una chupa yenye harufu kali safi, na umeandika kwenye karatasi tarehe uliyoifungua.

## Hatua ya 5: Jaribu mkononi siku saba

Usiiruke hii. Nakuomba kama mama yako.

Changanya matone mawili ya habasoda na matone manane ya alizeti. Paka upande wa ndani wa mkono, chini ya kiwiko, eneo la shilingi, asubuhi na jioni, siku saba. Usifunike.

Siku saba kwa sababu mzio wa ngozi si kama pilipili. Huchelewa siku mbili, tatu, wakati mwingine zaidi. Anayepaka leo na kusema "mbona sijawashwa" baada ya saa moja hajajaribu kitu.

Ukiona vipele, muwasho, ngozi kuvimba au malengelenge, osha kwa sabuni, acha, na safari yako na habasoda imeishia hapo. Hutakuwa umepoteza kikubwa: nenda hatua ya 7 ukitumia mafuta ya mgando matupu. Kazi kubwa inafanywa na vidole.

Watoto wachanga usiwapake kabisa.

Ukifaulu: siku ya nane mkono wa kulia na wa kushoto vinafanana.

## Hatua ya 6: Changanya moja kwa nne

Kijiko kimoja cha chai cha habasoda, vijiko vinne vya alizeti au parachichi. Mimina kwenye chupa ndogo iliyooshwa na kukauka kabisa, tikisa. Hiyo inatosha kabisa kovu la ukubwa wa kidole.

Kama unaishi Makambako au Njombe na ni Juni, badilisha mafuta ya majimaji na mafuta ya mgando. Upepo wa kule unakausha midomo mpaka inapasuka, na mgando unakaa juu ya ngozi muda mrefu zaidi. Koroga kwa kijiti safi kwenye kikopo kidogo.

Tengeneza kidogo kidogo. Weka mbali na jiko na dirisha.

## Hatua ya 7: Kanda kovu

Hapa ndipo penye kazi. Watu hupaka kovu kama wanavyopaka uso kwenda kanisani, sekunde tano, basi. Kovu halijui kwamba umelipaka.

Fikiria kilichotokea chini. Mwili uliziba tundu kwa haraka, ukapanga nyuzi za kolajeni kama kuni zilizotupwa, zimeelekea kila upande na kushikana na nyama ya chini. Kwa mwaka mzima, pengine na zaidi, mwili utaendelea kuzivunja na kuzipanga upya. Unapokanda, unazisukuma zilale vizuri na ziachiane na kilicho chini yake. Mafuta yanafanya vidole viteleze bila kuchubua.

Fanya hivi:

1. Osha mikono, kata kucha.
2. Weka tone moja au mawili kwenye kovu. Likimeremeta bila kuchuruzika, linatosha.
3. Kwa ncha za vidole viwili kandamiza na zungusha polepole, ukisogea kutoka mwanzo wa kovu hadi mwisho. Ngozi isogee pamoja na kidole. Kidole kikiteleza tu juu, hujakanda, umepaka.
4. Kisha vuta kovu kwa urefu wake, halafu kwa upana wake.
5. Mwisho libane kati ya kidole gumba na cha shahada, uliinue kidogo, likikubali.

Nguvu kiasi gani? Kandamiza mpaka ukucha wa kidole kinachofanya kazi ubadilike rangi uwe mweupe. Kwenye ngozi yetu usitafute kovu lenyewe kupauka, huwezi kuona vizuri. Tumia ukucha kama kipimo. Wiki ya kwanza iwe nusu ya nguvu hiyo.

Dakika kumi, mara mbili kwa siku. Ya jioni nashauri iwe wakati wa kuota moto au kusikiliza taarifa ya habari, kwa sababu dakika kumi za kukaa bure hakuna anayezimudu. Vaa nguo ya zamani. Mafuta haya huacha doa kwenye shuka ambalo sabuni haiondoi. Harufu pia ujiandae nayo. Mzee wangu alihamia upande wa ukutani wiki nzima.

Usifunike na nailoni. Nimeshasema, nasema tena.

Kovu likichubuka au kutoa majimaji, acha siku mbili tatu, rudi mafuta ya mgando. Likifunguka, rudi hatua ya 2.

Ukifaulu: mwisho wa wiki ya tatu au ya nne kovu linasogea unapolisukuma, badala ya kugoma kama kipande cha ngozi kilichoshonewa mfupani. Muwasho na ile hali ya kuvuta vimepungua. Rangi bado itakuwa tofauti. Rangi huja mwisho.

## Hatua ya 8: Zuia jua, hata siku ya baridi

Kovu changa likipigwa jua hukolea weusi na hukaa hivyo miezi mingi. Na sisi wa nyanda za juu tunadanganywa na baridi. Miale ya jua inayobadili ngozi huongezeka kwa kama asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000, kwa hiyo mchuma chai wa Mufindi au Tukuyu aliyevaa sweta mwezi wa saba bado anapigwa zaidi kuliko mvuvi wa Kyela, ila tu hahisi joto.

Nguo ndiyo kinga ya bei nafuu: mkono mrefu, soksi, kitambaa. Kwa kovu la usoni tumia mafuta ya kuzuia jua yenye namba 30 au zaidi, na kofia pana. Habasoda haizuii jua. Asubuhi ukienda shambani, futa mafuta yaliyozidi kabla ya kutoka nje, ili vumbi lisigande.

Endelea hivi miezi sita angalau. Mwaka ni bora.

## Na kunywa?

Naulizwa kila mara: je, nikinywa kijiko asubuhi kidonda kitafunga kutokea ndani? Mbegu chache kwenye mkate au chai ni chakula, sina neno. Lakini mafuta ya kunywa kwa vijiko yanaweza kushusha sukari na presha, na yanaweza kuchelewesha damu kuganda. Anayetumia dawa za kisukari, presha au za kuzuia damu kuganda asianze bila kumwambia daktari wake. Anayesubiri upasuaji aache wiki mbili kabla. Mjamzito asinywe.

Kidonda kinahitaji maharage, mayai, dagaa, matunda na mboga. Hivyo vyote viko sokoni Mwanjelwa na havigombani na dawa.

## Hatua ya 9: Piga picha, na ujue lini uache

Piga picha kovu siku ya kwanza ya kukanda, halafu kila tarehe moja. Mahali palepale, saa ileile, weka sarafu pembeni kwa kulinganisha. Jicho linaloangalia kila siku halioni mabadiliko. Picha ya mwezi wa kwanza na wa nne zikikaa pamoja zitakujibu.

Kama baada ya miezi mitatu hakuna tofauti yoyote, acha habasoda. Waweza kuendelea kukanda kwa mafuta ya mgando, au uulize hospitali kuhusu jeli na karatasi za silikoni, ambazo kwa makovu yaliyoinuka zina ushahidi mzuri zaidi kuliko mafuta yoyote ninayoyajua.

Kovu la zamani, la miaka mingi, limeshatulia. Unaweza kulilainisha, basi.

Halafu kuna keloidi. Tofautisha hivi: kovu lililoinuka lakini limebaki ndani ya mipaka ya jeraha mara nyingi hushuka lenyewe taratibu, na kukanda kunasaidia. Keloidi huvuka mipaka. Ulitoboa sikio tundu la sindano, sasa una donge la ukubwa wa njugu, linawasha, linakua. Sisi wenye ngozi nyeusi huzipata zaidi kuliko wengine, hasa masikioni, kifuani na mabegani, na mara nyingi ukoo mzima una tabia hiyo. Usiikande kwa nguvu, usiifunge uzi, na usikubali mtu aikate tu akakuacha, maana ikikatwa peke yake hurudi, mara nyingine kubwa kuliko ya kwanza. Tiba yake huanza na sindano za steroidi ndani ya donge lenyewe, kwa mtaalamu wa ngozi.

Mama mmoja wa Mafinga alinitumia picha ya sikio lake baada ya miezi mitano ya habasoda, ananiuliza aongeze ukali au apunguze. Donge lilikuwa limeshavuka ndewe. Nilimjibu, "Kamwene mama, hapo habasoda imefika mwisho wa barabara, panda gari uende kliniki ya ngozi." Alinuna siku mbili, akaenda. Sasa ameshachomwa sindano ya tatu na donge limelainika. Usiku bado anapaka tone moja la ule mchanganyiko wa moja kwa nne, polepole, bila kukanda, kwa sababu anasema hereni ikitoka sikio linamuwasha.